Kabla hujalifunga juu ya gari: hema la bei nafuu na la bei ya juu, mezani pa fundi turubai

Kazi yangu ni kushona vitu vizito: maturubai ya malori, vifuniko vya mashua, vivuli vya vibanda. Miaka saba iliyopita nilinunua hema la juu ya gari, linalofungwa kwenye paa na kulaliwa huko huko juu, lile la kukunjua, la bei ya chini kabisa katika aina yake, nikalilalia miaka minne. Kisha nikanunua la ganda gumu, lenye kifuniko kigumu kinachoinuka, lililonigharimu karibu mara nne ya lile la kwanza, na huu ni mwaka wa tatu nalala humo. Watu walipojua kwamba ninalo, na kwamba cherehani yangu inapenya turubai bila kuvunja sindano, wakaanza kuniletea ya kwao: yaliyovuja, yaliyochanika, yaliyoota ukungu, yaliyong'oka bawaba. Ya bei nafuu na ya bei ya juu, yote yamepita mezani pangu.

Swali lao huwa moja: "Fundi, ninunue lipi?" Kabla sijajibu, nami huuliza: katika hema hilo unalolitamani, kitu gani utaweza kukibadilisha mwenyewe miaka miwili ijayo, na kipi hutaweza? Godoro hubadilishwa. Bolti, zipu, hata shokapu za gesi zinazoinua kifuniko, zote hubadilishwa. Sakafu haibadilishwi. Bawaba zilizopigwa ribiti, vile vipini vya chuma vinavyogongwa na havifunguki kama bolti, kwenye sakafu hiyo nazo ni kama hazibadilishwi. Kitambaa cha ukuta naweza kukushonea kipya, lakini ni kazi ya siku nne, na gharama yake inakaribia kununua hema jingine la bei nafuu. Mimi huyapima mahema kwa mgawanyo huo. Fedha iende kwanza kwenye yale yasiyobadilika, na mengine yote yasubiri.

Anza na gari, hema litafuata

Wengi huanza kwa kutazama picha za mahema. Anza na kitabu cha gari lako, ukurasa unaotaja uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likiwa linatembea. Magari mengi madogo yameruhusiwa kilo 75. Mengine ni 50, mengine 100. Halafu tafuta namba ya pili, ya keria, vile vyuma vya juu ya paa ambavyo hema hufungwa juu yake. Vyuma vyake vina kikomo chao, na miguu inayovishikilia kwenye paa wakati mwingine ina chake. Kikomo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho chako. Kama paa linabeba 100 na vyuma vinabeba 75, wewe una 75.

Kutoka hapo toa uzito wa keria yenyewe. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Keria ya kilo 18 juu ya paa la kilo 75 inakuachia kilo 57. Hema la kukunjua la watu wawili huwa na kilo 45 hadi 60, kwa hiyo ukichagua vizuri utaingia. Hema la ganda gumu huwa na kilo 60 hadi 90, kwa hiyo hapo umeshatoka. Aliwahi kuja kwangu kijana na gari dogo na hema jipya la kilo 82, zuri kweli, la bei ya juu. Alitaka nimshonee mfuko wa viatu wa kuning'iniza mlangoni. Tulipofungua kitabu cha gari lake tukakuta 75, na keria bado haijahesabiwa. Hema halikuwa na kosa lolote, ila gari halikuweza kulibeba. Alilirudisha, akachukua la kilo 48.

Kama njia zako ni mbovu, soma tena maelezo ya keria. Baadhi ya watengenezaji huagiza upunguze uzito kwa theluthi ukiacha lami, kwa sababu kila shimo huupiga mzigo chini kwa nguvu kuliko uzito wake wa kawaida.

Uzito wa watu wanaolala ni hesabu nyingine. Gari likiwa limesimama halifungi breki, halikati kona wala haliingii mashimo, na paa hubeba mara kadhaa ya kile linachobeba likitembea. Paa limejengwa hivyo kwa ajili ya ajali. Sheria ya Marekani iliyotolewa mwaka 2009, kwa mfano, inataka paa la gari dogo lihimili nguvu ya mara tatu ya uzito wa gari tupu. Kwa hiyo watu wawili wazima na hema lao, jumla tuseme kilo 200, kwa kawaida si tatizo usiku. Lakini keria ina kikomo chake hata gari likiwa limesimama, na ndicho unachopaswa kukiuliza kwa maandishi.

Jambo la mwisho la gari ni urefu. Hema la kukunjua likifungwa huwa na unene wa sentimita 30 hivi, la ganda jembamba 15 hadi 20. La nene hukamata upepo zaidi na hula mafuta zaidi. Hilo utalisikia barabara kuu. Ukishalifunga, pima kwa futi ya utepe kutoka ardhini hadi juu kabisa, uandike namba hiyo, uibandike mbele ya usukani. Kuna siku utakuwa umechoka, mbele yako kuna lango la maegesho, na kumbukumbu haitakusaidia.

Kitambaa, ambacho ndicho kazi yangu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo maneno ya matangazo huwachanganya watu.

Mahema ya bei nafuu mengi ni ya poliesta iliyopakwa plastiki ya poliyurethani kwa ndani. Ya bei ya juu mengi ni ya mchanganyiko wa pamba na poliesta, mzito, aghalabu gramu 260 hadi 320 kwa mita ya mraba. Siku hizi yapo ya bei nafuu yenye kitambaa cha pamba pia, kwa hiyo usihukumu kwa bei pekee; gusa.

Namba ya kwanza utakayoonyeshwa ni denia. Denia ni uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Ukiambiwa kifuniko cha mvua ni cha denia 420, umeambiwa unene wa uzi, hujaambiwa jinsi ulivyosukwa. Uzi mnene uliosukwa kwa kulegea ni kichungi. Namba ya pili ni kimo cha maji, kwa milimita: wanasimamisha mnara wa maji juu ya kitambaa, wanauongeza taratibu, wanatazama ni kimo gani maji yanaanza kupenya. Milimita 1,500 inatosha mvua ya kawaida, 3,000 ni ya kujiamini. Ila kipimo hicho hufanyiwa kitambaa kitupu. Hema lina mishono, na mshono ni mstari wa matundu.

Mimi hufanya hivi. Nachukua ukuta wa hema, naweka mdomo, napuliza. Poliesta iliyopakwa haipitishi kitu. Ya pamba inapitisha pumzi kidogo, na pumzi hiyo ndiyo sababu ya watu kuilipia, maana mvuke wako wa usiku unapata njia ya kutoka. Kisha nageuza kitambaa upande uliopakwa, nakwaruza kwa ukucha. Rangi ikitoka kama unga, siendelei. Kisha nanusa. Tabaka la poliyurethani likianza kuoza kwa unyevu hutoa harufu ya uchachu na hunata vidoleni. Nimelikuta kwenye mahema ya miaka mitatu yaliyokaa yamefungwa juu ya gari muda wote. Hilo haliponi. Unaweza kulisugua lote na kupaka jipya, nami nimewahi kufanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili mwenye hema alirudi baada ya mwaka.

Pamba ina siri yake nzuri. Ikilowa, nyuzi hufura na kuziba matundu ya sindano. Ndiyo maana hema jipya la pamba linaweza kuvuja matone usiku wa kwanza, na mwenyewe akapiga simu kwa hasira. Halina ubovu, halijalowekwa. Lifungue, limwagie maji kote, liache likauke kabisa, urudie mara mbili au tatu. Usilipake dawa ya kuziba mishono kabla ya hapo.

Lakini pamba ni nzito, hukauka polepole, na huota ukungu upesi ukiikunja mbichi. Hema langu la kwanza la poliesta lilikauka ndani ya saa moja ya jua. Hili la sasa linataka asubuhi nzima. Kama safari zako ni za kulala usiku mmoja na kuondoka alfajiri, mvua hata jua, poliesta nzuri itakufaa kuliko pamba, hata kama pamba ndiyo inayoitwa ya hali ya juu.

Mshono nao uutazame hivi: shika pande zake mbili kwa vidole gumba, uvute pole kama unayetaka kuufungua. Ukiona uzi unachungulia kama meno na mwanga unapita katikati, hapo maji yatapita. Kwa kitambaa kizito napenda kuona mishono sita hadi minane katika kila sentimita mbili na nusu. Pungufu ya hapo unalegea. Zaidi ya hapo sindano imetoboa sana na kitambaa kitachanika kwenye mstari huo kama karatasi ya stempu. Mshono wa ukuta mpaka paa uwe umekunjwa mara mbili, kingo zikiwa zimefichwa ndani. Kwenye pembe, pale fito zinaposukuma, pawe na kiraka cha ziada. Mahema mengi ya bei nafuu niliyoyashona yalichanika hapo hapo penye pembe isiyo na kiraka. Kiraka hicho ni kazi ya dakika kumi, na hujui kwa nini hawakukiweka.

Sakafu na bawaba

Hivi ndivyo visivyobadilika, na hapa ndipo bei ya juu inapostahili heshima.

Sakafu nzuri ni kama mkate wa tabaka tatu: bati la alumini juu, bati chini, na katikati sponji ngumu iliyogandishwa au vijumba kama vya masega ya nyuki. Ni nyepesi, haipindi, na inazuia baridi. Sakafu ya bei nafuu mara nyingi ina bati jembamba zaidi, au mbao za plaiwudi ndani ya fremu ya alumini. Plaiwudi si dhambi. Imebeba watu miaka mingi. Tatizo ni maji kuingia kwenye tundu la ribiti.

Hema langu la kwanza lilifanya hivyo hasa. Mwaka wa tatu nilisikia sakafu ikilia chini ya goti langu karibu na bawaba. Nikafungua ukingo, nikakuta bati limeachana na mbao kwa upana wa kiganja, na mbao imekuwa nyeusi. Nililibana, nikalijaza gundi ya epoksi, nikaweka bolti mahali pa ribiti mbili. Lilikaa mwaka mwingine mmoja. Lakini sikuwahi tena kulala upande ule bila kuwaza, na katika hema unamolala ukiwaza, usingizi haupatikani.

Kwa hiyo, kwa muuzaji, omba lifunguliwe kabisa. Katika hema la kukunjua, nusu ya sakafu hubaki hewani nje ya gari, imeshikiliwa na ngazi peke yake. Panda, piga goti katikati ya nusu hiyo, weka uzito wote. Ikinyumbuka kidogo, sawa. Ikibonyea na kutoa sauti ya kukwaruza, shuka. Gonga sakafu yote kwa konzi: sauti iwe ileile kila mahali. Pale sauti inapobadilika ikawa tupu, tabaka zimeachana, hata kama hema ni jipya.

Kwa bawaba na bolti mimi hubeba sumaku ndogo. Chuma cha pua cha kawaida hakishiki sumaku, au kinashika kwa udhaifu tu. Sumaku iking'ang'ania kwa nguvu, hicho yaelekea ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Kutu yake itaanzia kwenye mkunjo na kwenye kingo zilizokatwa, maana huko zinki hupasuka kwanza. Kwa mtu anayeishi mbali na bahari bawaba hiyo inaweza kuishi miaka kumi. Kwa wa pwani naikataa.

Ganda na kinachoinua

Hema la ganda gumu si jambo jipya. Maggiolina ya Italia imekuwapo tangu 1958, na huinuliwa kwa mkono wa kuzungusha. Mengi ya sasa yanatumia shokapu za gesi, kama zile za mlango wa buti. Faida ya shokapu ni kasi. Hasara yake ni kwamba gesi hupungua mwaka hadi mwaka, na usiku wa baridi kali husukuma kwa unyonge. Soma namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye silinda, kwa niutoni, uiandike mahali siku unaponunua. Lebo hiyo hufutika, na bila namba hutapata ya kufanana nayo. Badilisha zote kwa pamoja, kamwe si moja.

Ganda la plastiki ni jepesi lakini jua hulikausha likapasuka kama halina tabaka la kinga. Tazama kama plastiki ni ya rangi moja tupu au ina ngozi ya juu inayong'aa. La nyuzi za kioo hurekebishika hata likipasuka, nami hulipenda kwa hilo. La alumini halipasuki, ila hubonyea, na ndani yake hutoa jasho kuliko yote.

Jasho la usiku

Hakuna bei inayokuondolea hili. Kila mtu hutoa kwa pumzi karibu glasi moja ya maji usiku mmoja, na jasho juu yake. Watu wawili ni glasi mbili au zaidi, ndani ya chumba kidogo kuliko kabati. Maji hayo yataenda kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote: bati la ganda, fremu, na upande wa chini wa godoro. Mtu huinua godoro asubuhi, anakuta limelowa, anadhani sakafu inavuja. Nimeletewa mahema matatu "yanayovuja" ambayo hayakuwa yanavuja.

Dawa yake ni mbili. Chini ya godoro weka mkeka wa nyuzi za plastiki zilizosokotwa kwa kulegea, wenye unene wa sentimita moja hivi, ili hewa ipite. Mahema ya bei ya juu mengi huja nao. Ya bei nafuu utaununua, au utaukata mwenyewe. Na fungua madirisha mawili yanayotazamana, upana wa vidole vinne, hata kukiwa na baridi. Baridi utaimaliza kwa blanketi.

Usiwashe jiko ndani, wala la gesi wala la mkaa, hata kwa dakika chache za kujipasha. Kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyelala hashtuki. Hili nalisema kwa kila mteja, na sitaacha kulisema.

Namna ya kulipandisha daraja hema la bei nafuu

Kama umepima ukakuta sakafu ni nzima, bawaba zinaaminika na kitambaa hakijachoka, basi hema la bei nafuu ni ununuzi mzuri kabisa, na kazi za siku mbili zitalisogeza mbali.

Anza na godoro. Lililokuja na hema huwa na sentimita tano za sponji laini, na mtu wa kilo 80 akilala kiubavu nyonga yake inagusa sakafu. Mwambie muuza sponji unataka uzani wa kilo 30 au zaidi kwa mita ya ujazo. Huo ndio unaozuia kubonyea. Unene usizidi ule ambao hema litafungika nao, kwa hiyo kunja kwanza na mashuka ndani upime nafasi iliyobaki. Langu lilikubali sentimita saba, si zaidi.

Mishono ya kifuniko cha mvua, kama ni poliesta, ipake dawa ya kuziba kwa brashi ndogo upande wa ndani. Dawa ya poliyurethani kwa kitambaa cha poliyurethani, ya silikoni kwa kitambaa cha silikoni. Ukizibadilisha hazishiki, na ukishapaka silikoni hakuna kingine kitakachoshika juu yake. Zipu zipitishe mshumaa mkavu, usitumie mafuta yanayokusanya vumbi. Bolti za kufungia zibadilishe ziwe za chuma cha pua na nati zenye pete ya nailoni ndani, zisizolegea kwa mtikisiko. Paka dawa ya kuzuia kung'ang'ana kwenye meno yake, kwani chuma cha pua kwa chuma cha pua hushikana mpaka ukate kwa msumeno. Weka mpira au plastiki kati ya chuma hicho na alumini, maana vikikutana na maji ya chumvi alumini huliwa.

Kifuniko cha safari, lile koti la plastiki ya PVC linalovishwa hema likiwa limefungwa, kikague zipu yake. Koti likivuja, kila kilicho ndani hufika kimelowa, na ukifika usiku huna cha kufanya. Hii ndiyo kazi ninayoifanya zaidi ya zote: kuweka zipu nene na ulimi wa kitambaa juu yake. Kwa mtu anayenunua la bei nafuu na ana fedha ya marekebisho mawili tu, ningesema godoro na zipu hiyo.

Muda, na nani alale wapi

Nilipima kwa saa. Hema langu la kukunjua lilinichukua dakika tisa kulifungua na kumi na nne kulifunga, peke yangu, pamoja na fito za madirisha. La ganda gumu: mbili na nne. Mtu anayelala sehemu moja siku tatu hataona tofauti yoyote ya maana. Anayehama kila siku, tena mvua ikinyesha, ataiona kila siku. Kwangu hiyo ndiyo sababu niliyobadilisha, pamoja na ile sakafu.

Lakini kwa nafasi, la bei nafuu mara nyingi linashinda. La kukunjua hufunguka mara mbili ya ukubwa wake, kwa hiyo watoto wawili na wazazi wanaweza kuenea kwenye la upana wa sentimita 180 au zaidi, na juu ya gari likifungwa huacha nafasi ya mzigo mwingine. La ganda gumu linalofunguka kama chaza ni la watu wawili, nalo hufunika paa lote. Dada yangu ana watoto watatu. Nilimkataza la ganda ingawa fedha alikuwa nayo.

Hesabu usiku wako kwa ukweli. Si usiku unaotamani. Ule uliolala nje mwaka uliopita. Chini ya kumi na tano kwa mwaka, nunua la bei nafuu lenye sakafu nzuri, ulitengeneze. Zaidi ya arobaini, tafuta la bei ya juu, hata lililotumika, maana sakafu yake na bawaba zake zitakuwa bado zina maisha na shokapu na godoro utabadilisha. Katikati ya hapo, acha gari likuamulie kwa uzito.

Siku ya kwanza

Likifika, lifungue ardhini au juu ya gari siku yenye jua, liache wazi mchana mzima harufu ya kiwandani itoke. Ngazi iegemee kwa pembe ya nyuzi 75 hivi, isisimame wima. Katika hema la kukunjua ngazi ndiyo nguzo, na ikiwa fupi kuliko inavyotakiwa sakafu itainama na bawaba zitabeba kisichowahusu. Weka pimamaji sakafuni kabla hujapanda. Gari likiinama, ingiza ubao chini ya gurudumu, na kama haiwezekani, kichwa kilale upande wa juu.

Vyuma vya keria viachane angalau sentimita 80, au kadiri maelezo ya hema yanavyotaka. Kaza bolti zote kidogo kidogo kwa mzunguko, usimalize moja kabla ya nyingine. Endesha kilomita 50, simama, kaza tena. Mpira na alumini vitakuwa vimekaa, na utashangaa bolti zimelegea mizunguko mingapi. Rudia baada ya barabara mbovu yoyote. Spana yangu ya namba 13 hukaa kwenye mfuko wa mlango wa dereva, na kila asubuhi ya safari, kabla sijawasha injini, napitisha mkono kwenye bolti zote nane.